Vitabu vya Rafu ya Mzee

Mwaka jana mpwa wangu, kijana wa dada yangu aliyeolewa Nairobi, aliniletea ujumbe kwa simu akiomba nimtajie vitabu. Anasoma chuo kikuu na anacheza raga katika timu ya chuo. Kwa kuwa anajua kwamba niliishi Yorkshire miaka 11, kule ambako raga ya ligi ni kama dini ya pili, aliona mimi ndiye wa kuulizwa. "Mjomba," aliandika, "nataka vitabu ambavyo wachezaji wenyewe wamesimulia maisha yao. Vya wanaume kweli."

Siku mbili baadaye dada akanipigia simu. Hakuanza kwa salamu, jambo ambalo si desturi yake. "Mdogo wangu, huyu mtoto amegongwa kichwa mara mbili mwaka huu. Mara ya pili alizinduka hajui ni siku gani, na mimi mama yake akaniita shangazi. Sasa nasikia wewe unataka kumtumia hadithi za mashujaa."

Nilimwambia kwamba nitafikiri kwanza. Nilifikiri kwa muda wa miezi miwili, na haya ndiyo niliyoyafikiri.

Huenda msomaji wa kwetu akataka kujua raga ya ligi ni kitu gani, maana huku kwetu raga ni raga tu. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini ya Uingereza zilijitenga na chama cha raga cha nchi. Ugomvi haukuwa juu ya sheria za mchezo, bali juu ya mshahara. Wachezaji wa kaskazini walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani. Siku ya Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyeacha kazi akaenda kucheza alikatwa ujira wake. Klabu zao zilitaka kuwafidia ujira huo uliopotea; wakubwa wa chama walishikilia kwamba mchezo huu ni wa ridhaa, na asiyeweza kucheza bila malipo basi asicheze. Wakaachana. Mwaka 1906 wale wa kaskazini walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 kila upande, na wakaweka sheria kwamba anayeangushwa na mpira huinuka na kuusukuma nyuma kwa unyayo, mchezo ukaendelea. Tangu hapo ikawa michezo miwili. Mtu aliyetoka raga ya watu 15 akaenda kwenye ligi alifungiwa mlango maisha, hata kama alikuwa nahodha wa taifa, na mlango huo haukufunguliwa kwa kweli mpaka mwaka 1995, raga ya watu 15 nayo ilipokubali kulipa wachezaji. Ilichukua miaka 100 kamili.

Hii ndiyo sababu tawasifu ya mchezaji wa ligi, ikiwa nzuri, huwa ni kitabu cha mshahara kabla ya kuwa kitabu cha mpira. Mwanzoni mwake kuna baba anayekohoa vumbi la makaa au mama anayehesabu senti, kisha anakuja mgeni mlangoni na hela mkononi. Mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Mimi mwenyewe sikuvisoma vitabu hivi kwa kupenda mchezo. Nilikwenda Leeds mwaka 1998 kusoma, na masomo yalipokwisha fedha nazo zilikuwa zimekwisha, nikaajiriwa kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko huko Yorkshire. Katika chumba kimoja alikuwamo mzee aliyewahi kucheza safu ya mbele ya klabu ndogo ya ligi, miaka ya 1950 na ya 1960. Masikio yake yalikuwa yamekunjamana kama maandazi yaliyolala. Pua ilikuwa imevunjika sijui mara ngapi. Akili yake ilikuwa imekwenda: hakumjua binti yake, hakujua amekula au hajala, na kila jioni aliniuliza basi la kwenda mazoezini litafika saa ngapi. Binti yake alikuwa amempangia vitabu kwenye rafu juu ya kitanda, karibu vyote vya wachezaji wa zamani. Kwetu neno rafu lina maana mbili, ile ya mbao za kuwekea vitu na ile ya mchezo mbaya uwanjani, na nilipotazama ile rafu pamoja na uso wa mzee niliona maana zote mbili zimekaa mahali pamoja.

Nilianza kumsomea baada ya dawa za jioni. Mkuu wangu wa kazi alinikemea zaidi ya mara moja, akisema nimeajiriwa kutandika vitanda. Niliendelea, kwa sababu wakati wa kusomewa mzee alitulia, na kwa sababu ya jambo moja la ajabu. Mtu huyu ambaye hakulijua jina la binti yake aliweza kunisahihisha nilipokosea kutamka jina la winga aliyecheza mwaka 1951. Wakati mwingine alicheka kabla sijafika mwisho wa kisa. Na usiku mmoja, nilipokuwa nikimsomea kitabu ambacho sitakitaja, cha mchezaji ambaye mzee alikuwa amekutana naye uwanjani, aliinua mkono akasema, "Hakuandika huyu." Nilidhani amechanganyikiwa. Akarudia, "Huyu hajui maneno hayo."

Sijapata kusikia uhakiki mfupi na mkali kuliko ule. Wengi wa wachezaji hawa wameandikiwa. Mwandishi wa magazeti hukaa nao siku kadhaa na kinasa sauti, kisha huenda akatunga kitabu kwa lugha yake mwenyewe. Si kosa. Wasifu wa Tippu Tip ulitufikia kwa Kiswahili kwa sababu kulikuwa na aliyeuchapisha, na hakuna aliyemdai yule mfanyabiashara awe mwanachuoni. Lakini tofauti ya aliyesimulia na aliyesimuliwa husikika, hata kwa mzee aliyepoteza kila kitu. Sisi watu wa Tanga tumedekezwa na Shaaban Robert, aliyeyaandika maisha yake kwa mkono wake, baada ya saa za kazi ya ukarani. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikiwa mkali.

Kitabu cha kwanza nilichokimaliza na mzee ni *Rugby Renegade* cha Gus Risman, kilichotoka mwaka 1958. Kwa Kiswahili ningekiita "Mwasi wa Raga", na jina hilo ni la kejeli, maana uasi wenyewe ulikuwa kukubali kulipwa. Risman alizaliwa Cardiff mwaka 1911, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia, katika mitaa ya bandari iliyoitwa Tiger Bay ambako Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika ya Magharibi na wa Karibi waliishi mlango kwa mlango. Mwaka 1929 akaenda Salford, na hakuacha kucheza mpaka alipokuwa na zaidi ya miaka 40. Alicheza mechi 873. Mwaka 1946, mara tu baada ya vita, aliongoza timu ya Uingereza kwenda Australia. Kwa kuwa hapakuwa na meli za abiria walisafirishwa kwa manowari ya kubebea ndege iliyoitwa Indomitable, na wakarudi bila kushindwa na Australia hata mechi moja ya taifa. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 41, aliiongoza Workington Town, klabu changa ya mji wa makaa na chuma, kuchukua kombe huko Wembley. Alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja.

Ninakipendekeza kitabu hiki kwa sababu ya utulivu wake. Risman hajigambi, wala halalamiki. Anaueleza mchezo kama fundi seremala anayekueleza mlango unavyowekwa, na mtu anayetaka kujua jinsi ya kuongoza wenzake walio wadogo kwa umri na wakubwa kwa nguvu atafaidika. Kasoro yake ni hiyo hiyo. Kuna mambo ambayo mtu wa kizazi chake hakuyasema, na ya nyumbani ni mengi katika hayo. Unafunga kitabu ukiwa unamheshimu mno, lakini huwezi kusema umemjua. Mzee alikipenda kuliko vyote. Tuliposoma juu ya Wembley aliniuliza kama nilikuwapo.

*Lucky 13* cha Vince Karalius, cha mwaka 1964, nilikisoma usiku mmoja wa zamu na kikanisisimua. Siku ya pili sikukumbuka mengi. Cha Jonathan Davies, *Jonathan*, kilitoka mwaka 1989, mwaka ule ule alioiacha raga ya Wales na kwenda Widnes. Ni muhogo uliochimbwa kabla haujakomaa. Wachapishaji waliona jina liko kwenye magazeti wakakimbilia shambani. Mambo makubwa ya maisha yake yalikuwa mbele: ushindi dhidi ya Canberra Raiders baadaye mwaka huo, lile trai la Wembley dhidi ya Australia mwaka 1994, kurudi kwake Cardiff mwaka 1995 milango ilipofunguliwa, na kifo cha mke wake mwaka 1997. Tawasifu ya mtu wa miaka 26 au 27 karibu zote ni hivyo, na siku hizi ndizo zinazojaza maduka. Namshauri mpwa wangu ayapite majalada hayo yenye nyuso changa zinazong'aa.

Nimfikie sasa Cec Thompson, maana yeye ndiye aliyenifanya nivichukulie vitabu hivi kuwa ni vitabu. *Born on the Wrong Side* kilitoka mwaka 1995. Jina lake ni "Kuzaliwa Upande Usiofaa", na kila neno la jina hilo lina kazi. Thompson alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Durham. Baba yake, mtu mweusi kutoka Trinidad, alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mama, mwanamke Mzungu maskini, hakuweza kuwalea watoto wake, na kijana akakulia katika nyumba za yatima, mweusi peke yake mahali ambapo wengi hawakuwa wamewahi kumwona mtu mweusi. Alitoka humo na elimu ndogo sana. Alikuwa kibarua wa kiwandani mjini Leeds walipomwona akicheza, na mwaka 1948 akaingia Hunslet. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1951, alivaa jezi ya Uingereza, mchezaji wa pili mweusi kufanya hivyo katika ligi baada ya Roy Francis. Mwaka 1953 akaenda Workington Town, kwa Gus Risman yule yule.

Mchezaji wa kawaida angemalizia hapo na kutupa orodha ya mechi. Kwa Thompson nusu ya kitabu ndiyo kwanza inaanza. Alipoona mwili unachoka alianza biashara ya kusafisha madirisha, akiwa na ngazi na ndoo, ikakua akaajiri watu. Kisha mtu huyu aliyeona aibu kwa maandishi yake akaanza kusoma, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakifungua vilabu vya pombe. Akafanya mitihani ya sekondari, na katikati ya miaka ya 1960 akaingia Chuo Kikuu cha Leeds kusoma uchumi. Huko alikuwa miongoni mwa walioanzisha raga ya ligi ya wanafunzi mwaka 1967, wakati ambapo vyuo viliuona mchezo huo kuwa wa vibarua, usiostahili wasomi. Baadaye akawa mwalimu wa sekondari huko Chesterfield. Alifariki mwaka 2011.

Niseme jambo moja kando. Miaka hiyo hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa mwanafunzi Leeds, akiandika riwaya yake ya tatu. Sina ushahidi wowote kwamba walikutana, lakini nimepita katika korido zile, na kila nilipopita nilipenda kuwaza kwamba walipishana kwenye ngazi, kijana Mkikuyu mwenye daftari na mtu mzima mwenye mabega ya fowadi na mfuko wa vitabu, wakapeana ile salamu ya kichwa ambayo watu weusi hupeana katika miji ya baridi.

Kitabu cha Thompson hakina ufundi mkubwa. Kuna kurasa ambapo anashukuru watu wengi mno, kama mzee anayefunga hotuba ya harusi, na kuna mahali anapojieleza kama mwalimu mbele ya darasa, akitaka tuone somo. Lakini ni mkono wake. Unausikia uzito wa kila sentensi iliyoandikwa na mtu aliyeijua sentensi akiwa amekwisha kukomaa. Na ana ujasiri ambao Risman hakuwa nao, wa kuonyesha aibu: aibu ya kutojua kusoma barua mbele ya wenzake, aibu ya kutokuwa na wa kumwita baba. Wanaume wa vitabu hivi wako tayari kukusimulia mifupa yao yote iliyovunjika. Ni wachache wanaoweza kukusimulia jambo la aina hii.

Nilipomsomea mzee kitabu hiki hakucheka wala hakunisahihisha. Alinitazama mimi, si kitabu. Baadaye akaniuliza, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, nimetoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akaniuliza kama kuna makaa ya mawe huko.

Kutoka Cardiff walitoka pia Billy Boston na Clive Sullivan, na hawa ndio pengo kubwa katika rafu hii. Boston, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, aliifungia Wigan matrai 478. Sullivan alikuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1972, mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Uingereza katika mchezo mkubwa wa timu, na alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 42. Mwaka 2023 iliwekwa sanamu huko Cardiff ya Boston, Sullivan na Risman pamoja, na mwaka 2025 Boston akapewa cheo cha "Sir", mchezaji wa kwanza wa ligi kukipata. Vitabu ninavyovijua juu ya Boston na Sullivan vimeandikwa na watu wengine, tena vingine vizuri. Lakini mwaka 1957 timu ya Uingereza, ikirudi kutoka Kombe la Dunia huko Australia, ilisimama kucheza mechi za maonyesho Afrika ya Kusini, nchi ambayo Boston asingeweza kucheza nao kwa sababu ya rangi, na yeye akarudi nyumbani peke yake. Safari hiyo ya peke yake ningependa kuisoma kwa sauti yake mwenyewe. Mtu mwingine anaweza kutupa tarehe na jina la ndege. Hawezi kutueleza alikula nini njiani na aliongea na nani.

Jambo kama hilo limo katika *I, George Nepia*, cha mwaka 1963, alichokiandika pamoja na Terry McLean. Nepia, Mmaori wa New Zealand, alicheza mechi zote 32 za ziara mashuhuri ya mwaka 1924 akiwa kijana wa miaka 19, na mwaka 1928 akaachwa timu ilipokwenda Afrika ya Kusini kwa sababu ni Mmaori. Mwaka 1935, shamba likiwa limemlemea kwa madeni, alikwenda London kuchezea klabu ya ligi kwa pauni 500. Kitabu ni kizuri, lakini ni cha raga ya watu 15. Miaka ya ligi inapita haraka, kama mtu anayepita mtaa aliowahi kukopa. Msomaji mwangalifu atasoma ile haraka pia.

Vitabu vya Australia ni vingi kuliko nyumba inavyoweza kubeba, na vingi havifai hata kuwashia jiko. Nitataja viwili. *Big Artie*, cha Arthur Beetson akisaidiwa na Ian Heads, kilitoka mwaka 2004. Beetson alizaliwa Roma, Queensland, mwaka 1945, na mwaka 1973 akawa mtu wa kwanza wa wenyeji asilia kuwa nahodha wa Australia katika ligi. Kitabu kinatiririka ovyo, majina yanagongana, lakini kinachekesha, na kicheko chake kina makali. Tarehe 8 Julai 1980, akiwa na miaka 35, aliiongoza Queensland katika mechi ya kwanza ya watu kuchezea jimbo walikozaliwa, na katika mechi hiyo akamchapa konde Mick Cronin, mchezaji mwenzake wa klabu. Watu wa Queensland wanaisimulia ngumi ile kama sisi tunavyosimulia Uhuru.

Cha pili ni *The Two of Me* cha Andrew Johns, cha mwaka 2007. Wengi wanamhesabu kuwa miongoni mwa wachezaji bora waliopata kuonekana. Mwaka huo alistaafu kwa maumivu ya shingo, kisha Agosti akakamatwa London na kidonge cha dawa za kulevya, akakiri hadharani kwamba amezitumia kwa miaka na kwamba ana maradhi ya akili ya kupanda na kushuka. Kitabu kilifuata baada ya miezi michache tu. Sikipendi, na ninakipendekeza. Sikipendi kwa sababu kimeandikwa mbio, na toba inayoandikwa polisi wakiwa bado mlangoni hainishawishi. Ninakipendekeza kwa sababu kurasa zinazoeleza jinsi akili inavyoweza kuwa adui wa mtu, hata mtu anayeshangiliwa na maelfu, zitamfaa kijana yeyote anayedhani kwamba nguvu ya mwili inatosha.

Msomaji atakayeniuliza juu ya riwaya, nitamwambia *This Sporting Life* ya David Storey, ya mwaka 1960, inazipita tawasifu nyingi kwa ukweli, na mwandishi wake aliwahi kuvaa jezi ya Leeds. Lakini mpwa wangu hakuomba riwaya.

Mzee wa rafu alifariki nikiwa bado pale. Sikuambiwa na daktari kwamba mchezo ndio uliomla akili, nami si daktari. Wazee wengi katika nyumba ile walikuwa katika hali kama yake na hawakuwahi kugusa mpira. Ninachojua ni kwamba katika rafu nzima, kurasa elfu na zaidi, watu waligongwa vichwa mara nyingi, walizimia, waliinuka wakacheza nusu ya pili bila kukumbuka nusu ya kwanza, na kila mara kisa hicho kilisimuliwa kama kichekesho. Mzee naye alikicheka. Tangu mwaka 2021 kumekuwa na wachezaji wa zamani, wengine wakiwa na miaka 40 na kitu, walioambiwa kwamba wana ugonjwa wa kusahau, na wamewashitaki wasimamizi wa mchezo. Nikivisoma upya vitabu vile leo siwezi tena kucheka pale mzee alipocheka. Hili ni doa lao wote, Risman na Thompson wakiwamo, na sitalificha kwa sababu nawapenda.

Kitabu cha mwisho hakikuwa kwenye rafu. Nilikwisha kurudi Tanga, binti wa mzee aliponitumia *Too Many Reasons to Live* cha Rob Burrow, cha mwaka 2021. Burrow nilimwona kwa macho yangu Headingley, si mara moja. Kimo chake kilikuwa kama mita moja na sentimita 65, kati ya watu wenye vifua kama milango ya godauni, na alipita kati yao kama panya kwenye magunia ya mahindi. Alitwaa ubingwa mara nane na Leeds Rhinos kati ya mwaka 2001 na 2017. Desemba 2019, akiwa na miaka 37, aliambiwa ana ugonjwa unaoua neva za misuli. Alifariki tarehe 2 Juni 2024.

Nilikiogopa kitabu hiki. Nilidhani kitakuwa cha machozi ya kuuzwa, na kweli zipo kurasa zinazokaribia. Lakini Burrow amefanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: ameandika akiwa ndani ya mwili unaomwacha, na hajui atafika ukurasa gani. Sauti ilikuwa imeanza kumtoka, na baadaye alikuwa akiongea kwa mashine inayofuata macho. Kwa hiyo hana nafasi ya kupoteza kwa matokeo ya mechi. Mke na watoto wake watatu wamo kila mahali. Nahodha wake Kevin Sinfield, aliyekimbia marathoni saba kwa siku saba Desemba 2020 ili kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa hawa, anaonekana kama rafiki mwenye haya ambaye hajui kusema pole, basi anakimbia. Burrow hakuulaumu mchezo, na sababu ya ugonjwa wake haijulikani. Mtu asikitumie kitabu hiki kama fimbo. Mimi mwenyewe nilitaka kukitumia hivyo nilipokuwa nikizungumza na dada, nikajizuia.

Mwishoni nilifunga vitabu vitatu katika bahasha moja, Risman, Thompson na Burrow, nikaviandikia anwani ya nyumbani kwa dada na si ya chuoni. Ndani niliweka karatasi: "Mpe baada ya wewe kuvisoma. Ukiona havifai, virudishe." Kwa mpwa nikaandika ujumbe kwamba vimeletwa, na kwamba safari hii akigongwa akae nje mpaka daktari amruhusu, si kocha. Hakunijibu kwa wiki moja. Kisha akajibu, "Sawa mjomba."

Burrow na Risman amekwisha kuvipata. Thompson bado. Kila nikipiga simu dada ananiambia hajakimaliza, na juzi alinisomea ukurasa mzima kwa simu, ile sehemu ya ngazi na ndoo, akasimama katikati akaniuliza kama yule mtu alipata kumwona tena mama yake.